Vitabu vya Jina Lake

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni akaita jina. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na Mzee Gundi akageuka huku na huku kama wagonjwa wengine wote, akimtafuta huyo mwanamke aliyeziba masikio. Ndipo mkewe, aliyekuwa kando yake kwenye benchi akichezea kifungo cha sweta, aliposimama wima, mikono imenyooka, kama mtoto wa shule.

"Nipo!"

Watu wakacheka. Mzee Gundi hakucheka. Aibu ilimpanda polepole, kuanzia shingoni. Jina lile lilikuwa la mkewe. Mara ya mwisho yeye kulitamka ilikuwa siku ya ndoa, na hata siku hiyo alilitamka kwa sababu aliambiwa alitamke. Tangu hapo mwanamke huyu alikuwa Mama nyumbani, Wifi na Shangazi kwa jamaa, na Bi Sindano kwa mtaa mzima uliovaa nguo alizoshona. Jina lenyewe lilikaa kwenye cheti, ndani ya sanduku, pamoja na dawa ya nondo. Na kwa miezi mingi sasa, ukimwita Mama hageuki, ukimwita Bi Sindano anatazama ukutani. Lakini hili ameliitikia.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho yaliyochoka. Alimuuliza mgonjwa maswali mawili matatu, akaandika, akaweka kalamu chini.

"Mzee, nisikufiche. Maradhi haya hayarudi nyuma. Yanasonga mbele tu. Nitakupa dawa ya kumsaidia alale. Lakini umeona alivyoitika pale nje? Mwiteni hivyohivyo. Zungumzeni naye. Msimwache akae kimya siku nzima."

"Nimwite kwa jina?"

"Ndiyo. Kwani si mkeo?"

"Ni mke wangu, ndiyo maana," alisema Mzee Gundi.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na kazi mbili. Upande wa dirisha kulikuwa na cherehani ya mke, na upande wa mlango meza ya mume, iliyojaa makopo ya gundi, nyuzi, karatasi ngumu na chuma cha kubania vitabu. Watoto wa shule walichana vitabu, Mzee Gundi akavijalidi upya. Ndivyo alivyolea familia, na ndivyo alivyopata jina la utani, maana hata sabuni ilishindwa kuiondoa ile harufu vidoleni. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Aliifunika bintiye, Kitinda, siku mteja mmoja aliposimama barabarani akiwa amelinyanyua juu shati la sare la mwanawe ili kila mpita njia aone kwamba mikono yote miwili imeshonwa ikazibwa mwishoni kama foronya. "Mwanangu atolee wapi vidole?" mteja yule aliuliza, na watu wakaangua kicheko. Bi Sindano naye alicheka pamoja nao. Hilo ndilo lililomuuma Kitinda kuliko yote.

Siku waliyotoka hospitali Mzee Gundi alijaribu kumwita mkewe kwa jina. Likamkwama. Akajaribu tena akiwa amempa mgongo, akijifanya anatafuta mkasi.

"Baba, unamwita au unakohoa?" aliuliza Kitinda. Alikuwa ametoka kazini, kwenye tanuri la mikate, unga bado umemganda nyusini.

"Ulimi wangu haujazoea. Nampa heshima yake."

"Heshima gani, na mwenyewe hasikii?"

Kilichomfungua ulimi ni kuku. Ndani ya furushi la vitabu vilivyoletwa na shule kulikuwa na kijitabu cha watoto wadogo, jalada limeng'oka, chenye picha ya kuku jeuri aliyekataa kuatamia mayai. Kuku huyo alikuwa na jina lilelile la Bi Sindano la kwenye cheti. Mzee Gundi alilisoma kwa sauti bila kukusudia, kama mtu anavyosoma kibao cha duka. Mkewe akainua uso.

"Ndiyo mimi," alisema.

"Huyu ni kuku, Mama."

"Sasa? Anasemaje?"

Mzee akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akavaa miwani, akamsomea. Alisoma vibaya, akiburuta maneno, lakini mkewe alimsogelea mpaka magoti yakagusana. Kuku alipomjibu jogoo kwa ufidhuli, Bi Sindano alipiga paja. "Mwambie!" alisema. "Mwambie na ile habari ya mtama!" Kitinda akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, maana ilikuwa kitambo hajaisikia sauti ya mama yake ikitoa sentensi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi yake Mzee Gundi alikwenda kwa Miwani, muuza vitabu vikuukuu aliyetandaza biashara yake ukutani karibu na stendi ya mabasi.

"Nina vitabu vya dini, vya hesabu, vya mapenzi," alisema Miwani. "Wewe unataka vya nini?"

"Chochote chenye jina hili."

Miwani alikitazama kipande cha karatasi alichopewa. "Jina la mwandishi?"

"La mwandishi, la mtu wa ndani, lolote. Mradi jina la kwanza liwe hilo."

"Mzee wangu, nimeuza vitabu tangu sijaota ndevu. Wapo wanaonunua kwa picha, wapo wanaonunua kwa unene ili wafungie mlango usigongwe na upepo. Wa kununua kwa jina, wewe ndiye wa kwanza." Lakini alipoelezwa sababu aliacha mzaha, akaanza kupekua mwenyewe. Tangu siku hiyo kila akipata kimoja alikiweka kando.

Ndivyo rafu ilivyojaa. Kulikuwa na kitabu cha ukunga kilichoandikwa na mkunga wa jina hilo, kingine cha msichana aliyepanda mlima, kingine cha malkia aliyetawala kwa hila, na kimoja cha mashairi ambayo Mzee Gundi mwenyewe hakuelewa hata ubeti mmoja lakini aliyasoma kwa bidii. Vyote alivijalidi upya kwa vitambaa vilivyobaki kwenye kapu la mkewe, na mgongoni mwa kila kimoja akagandamiza neno moja tu, lile jina, kwa rangi ya dhahabu. Vikasimama rafuni kama watoto wa tumbo moja waliovalishwa sare. Bi Sindano alivipitishia kidole, kimoja baada ya kingine, akisoma. "Mimi. Mimi. Na huyu pia mimi."

Na kulikuwa na riwaya moja nene, iliyokuja bila jalada. Ilisimulia habari za mwanamke wa jina hilohilo aliyeolewa na dereva wa lori. Dereva alikunywa. Siku moja ya mvua kubwa alimfungia mkewe nje akiwa na mtoto mchanga mwenye homa, na mtoto akafa mikononi mwa mama yake, barazani kwake mwenyewe, huku baba akikoroma ndani. Mzee Gundi alipoona hadithi inakoelekea alitaka kuifunga. Lakini mkewe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Soma," alisema.

Akasoma. Mtoto alipokata roho, Bi Sindano alilia kilio ambacho mumewe hakuwahi kukisikia maisha yao yote, kilio cha kutoka tumboni. Akalia mpaka akalala. Siku ya pili alisema, "Soma pale tena." Na siku ya tatu.

Wanawake wa mtaa walikuja kumjulia hali alasiri moja, wakaleta sukari na sabuni. Walikuwa wateja wake wa zamani na majirani, na aliyetangulia alikuwa Mama Mkaa, mwenye duka la mkaa nyumba ya tatu, mwanamke wa moyo mwema na mdomo usio na komeo. Waliketi, wakasifu rangi ya mgonjwa, wakasema kwamba uzee ni deni na kila mtu atalilipa. Mzee Gundi akaingia na sinia la chai.

Bi Sindano akamnyooshea kidole.

"Huyu."

"Huyu ni mumeo, shoga yangu," alisema Mama Mkaa kwa upole. "Umemsahau?"

"Simsahau. Alinifungia nje. Mvua inapiga, mtoto anachemka kama chungu. Nikagonga. Nikagonga. Nikamwambia, fungua hata kwa ajili yake tu, mimi niache hapahapa. Mwanangu akaniishia mikononi." Sauti yake haikutetemeka. Alisimulia kwa mpango, kila kitu mahali pake, kama mtu mwenye akili zake timamu. "Na yeye analala. Nasikia anavyokoroma."

Mzee Gundi akaliweka sinia chini.

"Ni kitabu," alisema. "Ni hadithi ya kitabuni, nilimsomea."

"Kitabu," alirudia Mama Mkaa.

"Kiko pale. Kile cha kitambaa cha bluu."

Hakuna aliyegeuza shingo kukitazama. Wote walijua kwamba zamani sana, kabla Kitinda hajazaliwa, nyumba hii ilizika mtoto wa kiume, na hakuna aliyewahi kusikia baba au mama wakimtaja. Sasa walidhani wamejua kwa nini. Waliaga mmoja mmoja. Mama Mkaa aliinama akamkumbatia mgonjwa, akamnong'oneza, lakini kwa mnong'ono wake unaofika barabarani, "Ukitaka kuja kwangu, mlango uko wazi."

Chai ilibaki vikombeni.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: mtaa ulikuwa na methali yake tayari. Vijana waliokuwa wakimwamkia Mzee Gundi toka mbali walianza kuona vitu vya maana upande wa pili wa barabara. Shule ikatuma mhudumu achukue vitabu vyake, vilivyojalidiwa na visivyojalidiwa. "Mwalimu mkuu kasema tu nivichukue," alieleza mhudumu, akivipakia huku ameinamisha kichwa. Mjumbe wa mtaa naye akaja, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Hatukushtaki, Mzee Gundi. Tunauliza tu."

"Na mimi nimewajibu."

"Umetujibu. Lakini mgonjwa hasemi uongo, ndivyo watu wanavyosema. Akili ikiondoka, ulimi unabaki na ukweli."

"Basi mtu huyohuyo jana alisema yeye ni malkia," alisema Mzee. "Mkampigie magoti."

Mjumbe alitabasamu bila kutaka, akaondoka. Lakini lile tabasamu hakulipeleka kokote. Alichopeleka kwa watu ni kwamba mzee amekuwa mkali.

Kitinda alizipata habari kazini. Mwenzake wa kukanda unga alimuuliza, kwa sauti ya huruma ambayo ni mbaya kuliko tusi, ikiwa anahitaji mahali pa kumhamishia mama yake. Alirudi nyumbani bila kuvua aproni, akamkuta baba yake ameketi mbele ya meza tupu.

"Baba, kaka yangu alikufaje?"

"Kwa homa. Unajua."

"Najua nilivyoambiwa. Mvua ilikuwa inanyesha?"

Mzee Gundi angeweza kusema hapana. Hakuna aliyebaki wa kumsuta.

"Ilikuwa inanyesha," alisema.

"Baba!"

"Mvua hunyesha, mwanangu. Hainyeshi vitabuni tu. Tulikuwa ndani sote. Mama yako alikuwa jikoni akichemsha maji, mtoto nimempakata mimi. Nikahisi amekuwa mzito. Mama yako alipokuja na maji sikuweza kumwambia. Akanitazama tu, akajua, akarudi jikoni kuyamwaga yale maji." Alipangusa vidole kwenye suruali ingawa havikuwa na gundi. "Kesho yake shangazi zake wakamwambia jikaze, wewe bado kijana, utazaa wengine. Akajikaza. Na mimi nikaona kumtaja mtoto ni kumtonesha. Tukanyamaza wote wawili mpaka kunyamaza kukawa ndiyo desturi ya nyumba."

Kitinda alitaka kumwamini, na sehemu kubwa yake ilimwamini. Sehemu iliyobaki ilikichukua kile kitabu cha bluu siku yake ya mapumziko, ikakaa nacho kwenye ngazi za nyuma mpaka ikaufikia ukurasa wenyewe. Yote yalikuwemo: homa, baraza, kugonga, hata yale maneno ya "mimi niache hapahapa". Alijifunika uso kwa aibu. Kisha akainuka akaenda moja kwa moja dukani kwa Mama Mkaa, akamsomea ukurasa ule mbele ya wateja.

Mama Mkaa alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake myeusi kiunoni.

"Sawa, mwanangu, nimesikia," alisema. "Lakini hao waandishi nao, si huandika yaliyotokea?"

Kitinda alirudi amewaka moto. Baba yake alikuwa ametoka kununua dawa. Alichukua gunia la unga, akavitia vitabu vyote humo, kuku na malkia na mkunga na mpanda mlima, akavipeleka kwa Miwani. Baba aliporudi alikuta rafu ni mbao tupu.

"Nimevirudisha," alisema Kitinda kabla hajaulizwa. "Umekuwa ukimnywesha sumu kwa kijiko, Baba. Sumu yenyewe ikaja ikakuua wewe."

Mzee Gundi hakugomba. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mbele ya rafu akipitisha kidole pasipo na kitu.

Bi Sindano hakumshtaki mtu tena. Hakusema lolote tena. Uji ulipoa mbele yake. Mzee Gundi alimwita kwa jina, sasa ulimi wake umelizoea kabisa, alilitamka vizuri hata likapendeza, lakini mwenye jina hakugeuka. Alikaa akitazama mikono yake iliyolala mapajani viganja juu, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu akasahau alikiweka wapi. Jirani mmoja alipita akasema, "Afadhali ametulia." Mzee Gundi alimshukuru.

Siku zilivyosogea mashavu ya mgonjwa yaliingia ndani. Kitinda alimlisha kwa kubembeleza, kijiko kikaingia, uji ukatoka pembeni ya mdomo.

"Nitakwenda kwa Miwani," alisema Mzee Gundi asubuhi moja.

"Baba, usifanye hivyo. Afadhali kimya kuliko kukuita muuaji mbele za watu."

"Afadhali kwa nani?"

Kitinda alipangusa uji kidevuni mwa mama yake.

"Mwanangu, na Mungu akuepushie mbali, mama akifiwa na mtoto anataka kulia. Mama yako hakuruhusiwa. Amekaa na kilio chake tangu ujana wake, anashona nguo za watoto wa watu. Sasa amesahau kujikaza, kitabu kikamfungulia. Na mimi nimwambieje? Nyamaza, unanichafulia jina? Jina langu mimi lina kazi gani tena?"

"Lakini hukumfungia nje."

"Sikumfungia nje. Lakini sikulia naye."

Walikwenda pamoja. Miwani alipowaona alivua miwani yake, akaifuta bila haja. Majalada yale mazuri yalikuwa yamewavutia watu, alisema. Kuku alinunuliwa na mama mwenye pacha, malkia akaondoka na mwanafunzi, mashairi yakachukuliwa na mtu ambaye hakutaka hata kuyafungua, alipenda kitambaa. Kilibaki kimoja tu.

"Hiki cha bluu wanakifungua, wanasoma kidogo, wanakirudisha. Wanasema kinahuzunisha, na huzuni wanayo ya kutosha nyumbani." Alikitia mkononi mwa Mzee Gundi, akakataa kupokea chochote.

Alasiri ilikuwa na joto, na dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi kuelekea barabarani. Mzee Gundi alivuta kiti karibu na mkewe. Kitinda alisimama kwenye mlango wa jikoni.

Mzee alianza mwanzo kabisa, na kwa muda mrefu ilikuwa kama anausomea ukuta. Dereva akaoa, akanunua lori, akaanza kunywa. Mawingu yakatanda. Ndipo vidole vya Bi Sindano vilipojikunja. Mtoto alipochemka, midomo yake ilianza kusema pamoja na msomaji. Mtoto alipokufa alifungua kinywa akalia, na kilio kikatoka dirishani, kikamfikia Mama Mkaa na wateja wake, kikamfikia kila aliyekuwa na masikio. Kitinda alikimbilia dirisha alifunge.

"Liache," alisema baba yake.

"Watu wanasikia, Baba."

"Waache wasikie. Analia mwanawe."

Na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimtiririka, yakiangukia ukurasa, na fundi aliyewakaripia watoto wa shule kwa kulowesha vitabu hakuyafuta.

Bi Sindano alilia, akapungua, akanyamaza. Akajipangusa kwa mkono wa sweta. Akamtazama mtu aliyeketi mbele yake, akamwona analia, akamshangaa.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi wa vitabu."

"Mbona unalia? Ulimjua mwanangu?"

"Nilimjua," alisema Mzee Gundi. "Nilimpakata."

Bi Sindano akaunyoosha mkono, akamshika kiganja, akakinusa kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Wewe ni mtu mwema," alisema. Halafu hofu ikamwingia usoni, akageuka kuutazama mlango wa mbele. "Ondoka. Hapana, usiondoke. Mume wangu akija akikukuta hapa ataniua. Kafunge mlango."

Mzee Gundi alimtazama bintiye. Kitinda alitikisa kichwa, mkono umeziba mdomo. Mzee akainuka, magoti yakalia, akaenda mpaka mlangoni kwake, akausukuma, akateremsha komeo.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Na akigonga?"

Alisimama pale, mgongo wake kwenye mbao za mlango.

"Sitamfungulia," alisema.

Bi Sindano akashusha pumzi, akasogea kwenye kiti kumpa nafasi. Kitinda aliingia jikoni kuupasha uji moto, na aliporudi nao mama yake alifungua kinywa mwenyewe.